Upande Mwepesi wa Gurudumu

Sura ya Sita

Ngoma ya mti ya barazani ilipolia pigo la mwisho, Inspekta Resmini alikuwa bado anasukutua mdomo nyuma ya nyumba ya fundi Artaya, na Mudita alikuwa ameshika komeo la lango akitaka kutoka. Hakuwahi. Mlinzi wa mtaa, Mzee Rantun, au Pak Rantun kama alivyoitwa, alikuwa ameshasimama nje na fimbo yake ndefu, kitambaa cha miraba myeusi na myeupe kiunoni.

"Rudi ndani, kijana."

"Pak, kwetu ni hapo tu, nyumba ya tatu."

"Hata ingekuwa nusu nyumba. Nyepi imeingia. Aliye ndani yuko ndani mpaka kesho kukicha."

"Nilikuja mara moja tu kuangalia gurudumu."

"Basi liangalie vizuri. Una siku nzima."

Lango likarudishwa. Ndivyo walivyofungiwa ndani ya ua mmoja: Artaya, fundi pikipiki; Puspa mkewe, na mtoto wao mchanga kifuani; Mudita, aliyemshitaki Artaya; na Resmini, aliyetumwa na polisi wa wilaya kuamua kama fundi akamatwe au aachwe.

Resmini alikuwa amepanga kulala kwake jana. Lakini jana ilikuwa siku ya mazimwi. Kila mtaa ulibeba zimwi lake la mianzi na karatasi begani, barabara zikajaa watu na matari, gari lake likakwama katikati ya vijana waliokuwa wakicheka na kuimba, na mwishowe Puspa akamtandikia mkeka kwenye baraza la wageni. Sasa gari lilikuwa hapo nje, hatua chache, na halikuwa na faida kuliko jiwe. Leo, siku ya kimya ya Nyepi, hapawashwi moto wala taa, hapafanywi kazi, hapatoki mtu. Hata mtandao wa simu ulikuwa umezimwa kisiwa kizima.

"Bu," Puspa alimwita Resmini kwa heshima, kama anayesema mama, kwa sauti ya chini, akimpa wali baridi uliofungwa kwenye jani la mgomba, na nazi ya kukuna yenye pilipili juu yake. "Kula. Hata wanaofunga watakusamehe, wewe ni mgeni."

"Na wewe?"

"Mimi nanyonyesha. Miungu inajua."

Mtoto alikuwa wa kike, mnene wa mashavu, na nyayo zake zilikuwa laini kama ndizi iliyomenywa, kwa sababu zilikuwa hazijagusa ardhi tangu azaliwe. Zingeigusa siku ya sherehe yake, mwezi huu huu, mtaa mzima ukiwepo. Kama mtaa ungekuja.

Hapo ndipo penye shida. Juzi asubuhi Wisesa, binamu yake Mudita, alibadilishiwa tairi la mbele katika karakana hii. Juzi hiyo hiyo alasiri, akishuka kutoka mlimani Kintamani, usukani ulianza kumtetemekea mikononi. Muuza machungwa wa kando ya barabara alisema aliona gurudumu la mbele likitikisa kichwa kama mtu anayekataa jambo, kisha pikipiki ikaingia kwenye matope ya mpunga na Wisesa akaangukia ukingo wa mfereji. Alikuwa hospitali, hajazinduka. Mama yake, Bi Sukerti, alikuwa ameliomba baraza la mtaa likae kesho, Nyepi ikiisha, limtenge Artaya. Mtu aliyetengwa hasalimiwi. Akifiwa hazikiwi. Akiwa na sherehe, haji mtu.

"Na bila watu hashuki chini," Puspa alisema, akimfunika mtoto miguu. "Sasa mimi nitambeba mpaka aolewe?"

Resmini alikunja jani la mgomba, akafuta vidole, akaenda kwenye gurudumu.

Lilikuwa gurudumu la mbele la Wisesa, alilokuja nalo jana, limeegemezwa kwenye nguzo ya karakana, limezungushiwa utepe wa polisi. Matope ya mpunga yalikuwa yameliokoa. Ringi haikupinda, tairi halikuchanika. Karakana ilikuwa na kiza, na taa haikuruhusiwa. Resmini alichukua kioo cha pembeni cha pikipiki kutoka rafuni, akakitega mlangoni mpaka jua la asubuhi likarudi ndani na kuangukia kwenye ringi.

"Fundi. Nionyeshe ulibandika wapi vizito vya kusawazisha gurudumu."

Artaya alikuwa mrefu, wa kuinama muda wote hata pasipo na dari fupi. Alielekeza kidole bila kugusa. "Hapo, Bu. Viwili, sambamba."

Ndani ya ringi nyeusi palikuwa na alama mbili za mstatili, kila moja na urefu wa kidole gumba. Gundi ya kijivu ilikuwa imeng'ang'ania nusu nusu. Resmini aliigusa kwa ukucha. Ilinata.

"Vizito vingeweza kuruka vyenyewe? Pikipiki ikiwa kwenye kasi?"

"Vikibandikwa juu ya vumbi, ndiyo. Mimi hufuta kwanza kwa spiriti."

"Hakuna fundi atakayesema hafuti," Mudita alisema. Alikuwa amekaa kizingitini, kijana wa mikono mirefu yenye makovu ya mianzi, kucha zake bado na rangi nyekundu ya sherehe ya jana. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa vijana waliotengeneza zimwi la mtaa.

Resmini aligeuza kioo kidogo. Pembeni mwa alama ya kwanza palikuwa na mkwaruzo mwembamba, uliopinda kama mwezi mchanga. Pembeni mwa ya pili, mwingine kama huo.

"Kitu kikiruka kutoka kwenye gurudumu linalozunguka, kinaondoka kwa kufuata njia ya tairi," alisema. "Hivi vimenyanyuliwa kutokea ubavuni. Vimebanduliwa, kwa kisu kilichopinda."

Artaya alivuta pumzi, ya kwanza ndefu tangu asubuhi.

"Kisu kilichopinda kipo kila nyumba," Mudita alisema. "Hata hapa. Mwulizeni dada Puspa anachongea nini mianzi ya sadaka."

Puspa alikwenda jikoni, akarudi na kisu, akakiweka mbele ya Resmini. Kilikuwa chembamba na kimenyooka.

"Kiko wapi kilichopinda hapo?" aliuliza. "Labda shingo yako, kwa kuchungulia mambo ya watu."

"Sijakulaumu wewe, dada. Nimesema tu kipo kila nyumba." Mudita alimgeukia Resmini. "Bu, kama vilibanduliwa, jiulize aliyekuwa na shida navyo ni nani. Fungua kopo lake la vizito. Utakuta halina kitu."

Resmini alimtazama Artaya. Artaya alitazama chini, kisha akateremsha kopo la maziwa kutoka rafuni. Ndani mlikuwa na vumbi na karatasi za kubandulia.

"Vya Wisesa ndivyo vilikuwa vya mwisho," alisema.

"Baada yake ulisawazisha gurudumu lingine siku hiyo?"

Artaya alilirudisha kopo rafuni.

"Fundi, nimekuuliza."

"Alikuja mwalimu mmoja. Ana pikipiki kama ya Wisesa. Alikuwa na haraka, anasafiri sikukuu. Nilimwambia sina vizito, arudi baada ya Nyepi."

"Yuko wapi huyo mwalimu?"

"Ameshavuka bahari kwenda kwao Lombok."

"Mnaona," Mudita alisema kwa upole, karibu kwa huruma. "Mteja ana haraka, kopo tupu, pikipiki ya Wisesa imesimama. Bli Artaya, kaka yetu huyu, akavibandua huku akavipeleka kule. Sisemi alitaka kumuua. Nasema ndivyo ilivyokuwa."

"Pikipiki ya Wisesa ilikuwa imeshaondoka!" Artaya alipaza sauti.

Mtoto alishtuka. Puspa akaanza kumtikisa. Artaya akashusha sauti ghafla, kama mtu aliyekanyaga mkia wa paka. "Ilikuwa imeshaondoka, Bu. Mwalimu alikuja baadaye."

"Nani aliona?"

"Mke wangu."

"Mwingine?"

Artaya hakuwa na mwingine. Resmini alisimama, akapangusa magoti.

"Kwa hiyo kesho mtamchukua?" Puspa aliuliza.

"Mambo yakibaki yalivyo, ndiyo. Sitakudanganya."

Puspa alitikisa kichwa mara moja, akaingia chumbani. Wakamsikia akimwimbia mtoto bila maneno, kwa pua tu.

Resmini alizunguka ua. Ulikuwa ua mdogo: karakana, jiko, vyumba viwili, madhabahu za ukoo kona ya juu, kisima. Alipofika langoni aligeuka, alipofika ukutani aligeuka tena. Angeweza kumpigia simu mwalimu wa Lombok. Namba hakuwa nayo. Angeweza kwenda barazani kuuliza. Barazani palikuwa ng'ambo ya lango. Kila swali lililomjia lilikuwa na jibu nje.

Akampita Mudita, aliyekuwa amehamia mkekani uani, akarudi karakana. "Fundi. Nifundishe kazi yako."

"Leo ni marufuku, Bu."

"Sijasema tufanye. Nimesema unifundishe."

Artaya alifikiri kidogo. Kisha akaeleza, mikono nyuma. Hakuna tairi lililo sawa pande zote. Popote litakapozidi, hata kwa uzito wa ndizi moja, ukikimbia huo uzito unageuka nyundo. Unapiga barabara kila mzunguko. Mwendo wa polepole husikii. Mteremko wa Kintamani utausikia mpaka kwenye meno, na pikipiki kubwa kama ile, usukani ukishaanza kucheza, kuutuliza ni kazi. Kwa hiyo unalipitisha gurudumu kwenye ekseli, unaliweka juu ya vigingi viwili, unaliacha. Litazunguka lenyewe, litasimama lenyewe. Upande mzito utashuka chini. Upande mwepesi utakuwa juu, na huko juu ndiko unakobandika.

"Basi?"

"Basi. Mashine kubwa ziko mjini. Hapa kijijini tunalisubiri gurudumu liseme."

"Tulisubiri basi," Resmini alisema.

Walitoka na gurudumu hadi kwenye kivuli cha ukuta wa mashariki, ukuta unaotenganisha ua huu na wa Bi Sukerti. Mama huyo alirudishwa kutoka hospitali jana kwa ajili ya Nyepi. Puspa alimpelekea wali kwa kupitia juu ya ukuta, kama walivyozoea kupeana vitu kabla ya haya; wali ulirudi kama ulivyokwenda. Artaya alipanga matofali mafungu mawili, akaweka ekseli juu yake. Chuma kiligonga tofali.

Mara fimbo ikabisha lango.

"Nasikia chuma," alisema Pak Rantun kupitia upenyo. "Nani anafanya kazi?"

"Hakuna, Pak," Resmini alijibu.

Jicho la mlinzi lilionekana kwenye upenyo. "Bu Inspekta, mimi leo kazi yangu ni moja, kuhakikisha hakuna kazi. Hilo nini?"

"Gurudumu."

"Linafanya nini?"

"Linazunguka."

"Nani analizungusha?"

"Hakuna, Pak. Tumekaa tunalitazama."

Jicho lilikaa hapo. Gurudumu lilikwenda polepole upande mmoja, likasita, likarudi upande mwingine kama bibi anayetafuta mahali pa kukaa, likatulia.

"Limesimama," Pak Rantun alisema.

"Lenyewe."

"Hmm. Kutazama hakujakatazwa." Alikohoa. "Lakini msilipigie makofi."

Hatua zake zilipopotea, Puspa alitoka chumbani. Mtoto alikuwa ameamka, anatafuna ngumi.

"Nahitaji kwenda kisimani," alisema, akatazama huku na huku. Mume wake alikuwa na grisi hadi viwikoni. Resmini alikuwa na chaki mkononi na magoti yenye mafuta. Na mtoto huyu hakuwa wa kuwekwa chini. Puspa alikwenda moja kwa moja kwa Mudita. "Shika."

"Mimi?"

"Kwani kuna mwingine? Shika, shingo hiyo. Siyo hivyo, huyo siyo kifurushi. Haya."

Akaondoka. Mudita alibaki ameketi mkekani, mgongo umenyooka kama aliyemezeshwa fimbo, mtoto wa mtu aliyemshitaki akimtazama kidevu.

Resmini alichora mstari wa chaki mahali palipotulia juu. Akalizungusha gurudumu kwa kidole. Likasimama pale pale. Mara ya tatu, pale pale. Na alama za gundi zilikuwa huko huko juu, usawa wa mstari wa chaki.

"Kwa hiyo ulibandika mahali palipostahili," alimwambia Artaya.

"Nilikwambia, Bu."

"Sasa nataka kujua uzito uliokosekana. Una nini cha kubandika?"

"Wali," Artaya alisema. "Ule uliobaki. Unanata."

Resmini alifinyanga tonge dogo la wali baridi. Akainama mbele ya gurudumu. Lilikuwa limetulia, mstari wa chaki juu. Akapeleka tonge chini kabisa, mahali pazito, akalibandika hapo.

Artaya alifumbua mdomo. Resmini alimkanyaga mguu, akafumba.

Gurudumu halikusogea. Resmini akaongeza tonge lingine hapo hapo chini, akalisukuma kwa kidole. Likayumba kwa nguvu zaidi, likarudi.

"Mbona halitulii?" aliuliza. Akafinyanga la tatu, akalipeleka chini tena.

"Huko unaongeza ugonjwa, Bu," Mudita alisema. "Uzito ukishuka chini, dawa hukaa juu. Toa yote. Weka juu, kisha lizungushe robo, uone kama linabaki. Likishuka tena, sogeza kidogo kidogo..."

Akatazama mstari wa chaki.

Mtoto alikuwa amelala kwenye kiwiko chake. Upepo wa asubuhi ulikuwa umekufa. Hata majani ya mnazi hayakutikisika.

Resmini alibandua wali wote, akauweka kwenye jani. Akavuta kigoda, akaketi mbele ya Mudita.

"Nani alikufundisha?"

"Nimesikia Bli Artaya akikueleza."

"Alinieleza karakana, wewe ukiwa uani. Na hakuniambia nilizungushe robo. Hilo ni neno la mtu aliyefanya kwa mikono yake."

"Kila mtu anajua."

"Mimi sikujua. Puspa, unajua kulizungusha robo?"

Puspa alikuwa amerudi, nywele zinachuruzika maji. "Robo ya nini?"

"Mudita," Resmini alisema. "Wewe ni fundi wa mianzi. Mianzi haizunguki. Ulisawazisha gurudumu gani?"

Mudita alijaribu kuinuka, mtoto akakunja uso akataka kulia, akaketi tena.

"Mpokee mtoto wako, dada."

"Ndiyo kwanza amelala," Puspa alisema. "Ukimtikisa ataamka, akilia Pak Rantun atarudi. Tulia naye."

"Nilikwama barabarani jana," Resmini aliendelea. "Zimwi lenu lilipita juu ya paa la gari langu. Nyuma ya kichwa lilikuwa na duara la moto wa karatasi, linazunguka. Lilizunguka vizuri."

"Jana, ndiyo!" Puspa alisema. "Juzi asubuhi walipolijaribu lilitikisika mpaka shingo ikalia kwa! kwa! Watoto wakakimbia wakidhani limepandwa na pepo. Jana nikamwambia mume wangu, tazama, limekuwa kama mafuta kwenye maji."

"Ndani ya duara hilo mlikuwa na nini, Mudita?"

"Gurudumu la baiskeli," Artaya ndiye aliyejibu. Alikuwa anamtazama Mudita kwa namna mpya, polepole, kama mtu anayesoma kibao kilichofutika. "Alikuja nalo hapa langoni kabla ya sikukuu. Akaniuliza litatulizwaje. Nikamwonyesha kwa vigingi. Aliniomba vizito, nikamwambia vimebaki vya gurudumu moja tu, atumie mawe. Bu, nilisahau. Watu wengi huja kuuliza mambo."

"Ndiyo maana ulijua kopo ni tupu," Resmini alimwambia Mudita.

"Mawe yalitosha," Mudita alisema.

"Mawe yaliruka, yakampiga nani?"

"Hayakumpiga mtu. Yalianguka tu..." Akafumba macho.

Resmini alingoja. Siku ya leo haikuwa na kitu cha kumharakisha mtu yeyote.

"Juzi mchana pikipiki ya Wisesa ilikuwa wapi?"

"Barazani."

"Na Wisesa?"

"Pamoja nasi. Alikuwa anabandika manyoya ya mgongo." Mudita aliongea kwa kunong'ona, uso wake umeinamia kichwa cha mtoto. "Mawe yalikuwa yameanguka mara mbili. Waamuzi wa mashindano wangepita jioni ya kesho yake. Nikatoka nje kuvuta pumzi, nikaiona ringi. Vizito vilikuwa vipya, viling'aa. Kisu cha mianzi nilikuwa nacho kiunoni."

"Ulijua kazi yake."

"Nilijua. Nilijua, Bu. Sitasema sikujua. Nilisema nijaribu tu, nikipata uzito sahihi nitafute kitu kingine, hivi nivirudishe. Wisesa alikuwa abaki nasi mpaka usiku. Ndivyo tulivyokubaliana wote. Hakuna kuondoka mpaka kichwa kipande."

"Lakini aliondoka."

"Nilikuwa juu. Nimepanda kwenye mabega ya zimwi, nafunga duara. Nikasikia pikipiki yake ikiwaka. Niliita. Nililiita jina lake mpaka koo likauma, lakini wapiga matari walikuwa wanafanya mazoezi chini yangu. Hakugeuka. Nilipofika chini alikuwa ameshapita daraja."

"Hukumpigia simu?"

"Nilipiga. Alikuwa anaendesha, hakupokea. Nikajiambia atakwenda polepole. Nikajiambia kupanda mlima hakuna kasi. Sikufikiria kushuka."

Artaya alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, mikono ya grisi juu ya magoti. "Ulikuja kunishika mkono hospitali," alisema. "Mbele ya watu. Ukaniambia, Bli, ulifanya nini. Mimi nikarudi nyumbani nikaanza kujiuliza kama nilifuta ile ringi. Usiku mzima, Mudita. Nilianza kuamini sikuifuta."

"Mtu wa kwanza aliuliza, tairi kabadilisha nani? Likatajwa jina lako. Mimi nilinyamaza tu."

"Hukunyamaza," Puspa alisema. "Ulisema. Hata leo umesema, ukiwa umekaa kwenye mkeka wangu."

"Viko wapi sasa hivyo vizito?" Resmini aliuliza.

"Lilichomwa lote makaburini, baada ya maandamano. Viko kwenye majivu."

"Chuma hakiungui. Kesho tutachekecha." Resmini alisimama. Kigoda kiliacha alama tatu kwenye vumbi. "Kesho hiyo hiyo utasimama barazani, useme haya yote kwa kinywa chako, kabla sijasema mimi. Baada ya hapo tutakwenda kituoni. Ulichokifanya juzi kitapimwa kama uzembe. Ulichomfanyia fundi huyu tangu juzi, sheria ina jina lake pia."

"Naweza kwenda kumwambia shangazi yangu kwanza? Peke yake? Nyumba ni hii ya ukutani, Bu. Dakika moja tu. Asisikie barazani pamoja na watu." Alimtazama machoni kwa mara ya kwanza. "Yeye ndiye aliyempigia Wisesa simu. Machungwa ya sadaka hayakutosha, akamtuma apande Kintamani kuyaleta. Hajui kwamba najua. Sitaki aanze kufikiri..."

"Nilimtuma mimi, ndiyo."

Sauti ilitoka upande wa pili wa ukuta, chini kabisa, karibu na matofali, sauti ya mtu aliyekaa hapo muda mrefu ameegemeza mgongo.

Hakuna aliyejongea. Mudita alifungua mdomo, likamtoka neno moja tu. "Shangazi."

Bi Sukerti hakumwitikia. Walimsikia akijikokota kuinuka, nguo ikikwaruza ukuta, pumzi ikipanda. Kisha sauti ikarudi, juu zaidi sasa, kama mtu aliyesimama akiongea na juu ya ukuta.

"Artaya."

"Naam, Bi."

"Mwanangu alikuwa anakusifu. Alisema pikipiki ikitoka kwako, unaweza kubeba kikombe cha kahawa hadi mjini." Alivuta pumzi. "Mimi nilitaka pawe na mtu wa kulaumiwa. Wali wenu niliurudisha."

"Hakuna neno, Bi."

"Lipo. Kesho nitakuja kwako kwanza, ndipo niende barazani kuondoa maneno yangu. Puspa upo?"

"Nipo, mama."

"Sherehe ya mtoto ni lini?"

Puspa aliziba mdomo kwa kiganja. Ilibidi apumue mara mbili kabla hajaweza kusema. "Mwezi ukijaa, mama. Tulikuwa hatujamwambia mtu."

"Nitapika keki za wali. Wisesa akiamka atakuja kula. Asipoamka, nitakuja peke yangu."

Hatua zikaondoka ukutani, taratibu. Mlango ukafungwa kule ndani, bila kishindo.

Mudita alikuwa ameinama mpaka paji la uso wake likagusa kitambaa cha mtoto. "Hakuniambia kitu," alisema. "Bu, hakuniambia hata kitu kimoja."

"Bado ni asubuhi," Resmini alisema.

Puspa alipiga magoti, akaingiza mikono chini ya mwili mdogo uliolala, akaunyanyua polepole asiuamshe, akaenda nao ndani. Artaya alimfuata. Mudita alitazama lango, akatazama ukuta, akatazama mlango waliopitia. Jua lilikuwa linasogea mkekani kumfuata. Alibaki pale pale, mikono imekunjwa kifuani, kama ambaye bado amebeba mtoto wa watu na hajui pa kumweka.